Matone ya Kupimia Kilima

Swali la kwanza aliloniuliza Mwalimu, kabla hata ya kuniuliza nimeamkaje, lilikuwa la uzito wangu. Nilikuwa barazani kwangu pale Kibomet, mjini Kitale, nikishona sare za shule. Yeye alikuwa mpangaji mpya wa chumba kilichotazamana na changu, mwalimu mstaafu wa fizikia, mrefu na mwembamba, suruali imefungwa kamba ya katani kifundoni ili isiingie kwenye cheni ya baiskeli. Alisimama mbali kidogo na cherehani yangu, maana nayo aliiogopa, akasema:

"Salaam aleikum, Mama Zuhura. Samahani lakini, uko na kilo ngapi?"

"Ati nini? Kwani unataka kuninunua?"

"Hapana. Nataka kukubeba." Alipoona nimemkazia macho akaongeza mbio mbio, "Na baiskeli, mama. Na baiskeli. Nataka kujua kama itapanda kilima."

Ndivyo nilivyomjua, na kwa miaka yote tuliyokaa mlango kwa mlango sikuwahi kumwita jina lake wala kulitafuta. Alikuwa Mwalimu. Mkewe alikuwa Mama, na huyo Mama ndiye aliyekuwa sababu ya baiskeli, ya kilima, na ya hofu yote nitakayoisimulia hapa.

Sijaona mtu mwoga kama yule. Aliogopa radi, mbwa, ngazi na maziwa yaliyolala. Kiti chochote alikigusa kwanza kwa mkono, akakitikisa, ndipo akakikalia, hata kama ni kile kile alichokalia jana yake. Kilichonivunja mbavu ni kwamba alikuwa amefundisha umeme miaka mingi katika shule moja ya Bungoma, lakini taa ya chumbani kwake aliiwasha kwa ncha ya kandambili.

"Si wewe ndio ulifundisha watoto wa watu hii kitu?" nilimuuliza.

"Ndio maana naogopa," alinijibu. "Mimi naijua."

Alipenda kusema kwamba yeye huogopa mpaka apige hesabu, na akishapiga huogopa kwa kiasi. Mwanzoni nilidhani ni mzaha. Baadaye nilielewa kwamba hakuwa na njia nyingine ya kuishi. Wengine husali, wengine hunywa, yeye alihesabu.

Shamba lao lilikuwa upande wa Saboti, si juu kwenye Mlima Elgon bali bondeni, kando ya kijito, mahali ambapo mahindi hukua mpaka mtu akapotea ndani. Kutoka huko kwenda barabarani kulikuwa na njia moja tu, nayo ilikuwa kilima. Mama alikuwa na magoti mabovu. Kutembea uwanjani aliweza, kukamua ng'ombe aliweza, lakini kile kilima hakuwa amekipanda kwa miguu yake kwa muda mrefu. Akitaka kutoka alingoja gari la kuchukua maziwa au mkokoteni wa jirani.

Zamani hilo lilikuwa jambo la kuchekwa tu. Lakini ile ilikuwa miaka ambayo Mlima Elgon uliharibika. Watu wenye bunduki walikuwa wakishuka kutoka msituni na kuingia majumbani, na asubuhi tuliona familia zikipita Kitale na magodoro kichwani na kuku kwapani. Hakuna aliyejua zamu ya nani inafuata. Sisi wa Kibomet tulikuwa mbali, lakini hata huku mtu akifunga mlango kwa kishindo watu walikuwa wakiacha kutafuna.

Mama alikataa kutoka. Alikuwa amewaona waliohama wakirudi baada ya msimu mmoja na kukuta moshi wa watu wengine jikoni mwao. "Nikitoka, nani atarudi?" alimwambia mumewe mbele yangu, siku aliyokuja mjini kununua dawa ya ng'ombe. "Hii shamba haina miguu ya kunifuata."

"Na wewe je?" Mwalimu alimuuliza. "Wewe uko na miguu ya kupanda kirima?"

Ulimi wa Bungoma ulimtoka hivyo akiwa na wasiwasi. Darasani, aliniambia, alikuwa akijichunga sana, lakini kwa mkewe hakujichunga.

Sasa nitasema jambo ambalo majirani walimsema nalo, na si kwa siri. Mwanamume huyu aliyempenda mkewe kiasi hicho alilala Kibomet, na mkewe akalala bondeni na ng'ombe. Alikwenda shambani mchana, akarudi kabla jua halijapoa. Aliogopa kulala huko. Hakulificha wala hakulitafutia sababu. "Naogopa, Mama Zuhura," alisema, "na nikilala huko nikiogopa hivi, nitamsaidia nini? Acha kwanza nitengeneze kitu ya kumtoa." Wanawake wa pale bombani walimcheka. Mimi nilimwonea huruma, na kusema kweli nilimwonea pia hasira. Mambo hayo mawili yanaweza kukaa pamoja bila kugombana.

Pikipiki hakuitaka. Pikipiki husikika mpaka ng'ambo ya kijito, na miaka ile mngurumo wa pikipiki uliwafanya watu wazime taa. Alitaka kitu kitakachompandisha Mama kimya kimya. Akapata mota kutoka kwenye kiti cha magurudumu cha umeme, kile cha wagonjwa, ambacho wageni walikuwa wameiletea hospitali moja ya misheni na kikafia stoo. Akanunua baiskeli ya kike isiyo na bomba la juu, ili Mama asipate taabu kuinua mguu. Akang'oa cheni ya pedali, mota ikachukua nafasi yake, na pedali zikabaki za kuwekea miguu tu. Betri mbili za gari zilikaa chini ya keria, moja kila upande. Kwenye usukani palikuwa na swichi mbili za taa za nyumba. Ya kwanza iliita betri moja, ya pili ikaita zote mbili.

Uundaji wenyewe haukumsumbua, kwani vijana wa kuchomelea chuma walimsaidia. Kilichomnyima usingizi ni kilima. Kitapandika ama hakitapandika? Mwinuko wake aliupima kwa mpira wa maji, ule mwembamba ambao waashi hutumia kusawazisha msingi, akausogeza hatua kwa hatua kutoka kijitoni mpaka barabarani. Watu wa huko walimtazama wakadhani serikali inaleta mfereji. Alirudi amekunja uso. Karibu na juu, aliniambia, pale kwenye kona, kilima kinasimama kama mtu anayekukatalia mlango.

Kisha kulikuwa na kuondoka. Swichi ikibonyezwa baiskeli huruka, na aliyekaa nyuma huenda akabaki hewani. Hilo nalijua kwa sababu mimi ndiye niliyebaki. Alinikalisha kwenye keria, akasema nishike kiti, na kabla sijashika vizuri akawasha zote mbili. Nilijikuta nimekaa barabarani na buibui langu limejaa vumbi, naye yuko mbele anapiga kelele, "Mama Zuhura, bado uko?"

"Niko Kibomet, Mwalimu!"

Tangu siku hiyo akaanza kuwasha moja kwanza, ndipo ya pili. Lakini alitaka kujua hasa mwendo unakuaje, unaongezeka vipi na unapungua vipi, na saa yake ya mkono hakuiamini. Ndipo akaja na chupa. Ilikuwa chupa ya kawaida ya plastiki, akaitoboa kizibo kwa sindano yangu, akaijaza maji, akaining'iniza kichwa chini nyuma ya keria. Tone halina haraka wala uvivu, alinieleza, linadondoka kwa mpigo wake. Baiskeli ikizidi mbio, matone yanaachana vumbini. Ikichoka, yanakaribiana. Ikisimama, yanakuwa dimbwi. Akaazima tepu yangu ya kupimia viuno, akapiga magoti barabarani akapima matone mchana kutwa.

Mtaa mzima uliingiwa na hofu. Mama mmoja muuza maandazi aliamka akakuta msururu wa matone umepita mbele ya meza yake, yameanza yakiwa yamekaribiana, kisha yakaachana, yakaachana zaidi, mpaka yakapotelea upande wa makaburi. Hakuuza siku hiyo. Alimwaga jivu juu ya kila tone. Mzee wa msikitini kwetu alikuja kwa heshima kumuuliza Mwalimu ni kitu gani anachokipanda njiani. Mwalimu akamweleza habari ya matone kwa ufasaha mkubwa, na yule mzee alipotoka akaniambia, "Huyu si mchawi. Ni mtu anaogopa tu." Naona hakuna aliyemfahamu Mwalimu haraka kama yule mzee.

Kelele hakuzipenda, na ugomvi aliuogopa kuliko mbwa. Mara moja tu nilimsikia akipaza sauti mbele za watu, na ilikuwa kwa sababu ya mahindi. Mnunuzi mmoja mjini Kitale alipima magunia yake, na Mwalimu, aliyekwisha kuyapima kwa mizani ya kuazima, akaona kilo zimeyeyuka. "Hii mizani yako inakula!" alifoka. Yule mnunuzi akacheka. "Mwalimu, si unajua kila mizani hapa inakula? Kwani umeingia Kitale jana?" Watu wote wakacheka, na Mwalimu naye akachukua pesa yake akaondoka, maana ni kweli, kila mkulima wa Trans-Nzoia alilijua hilo na aliuza hivyo hivyo.

Siku ya kumpima Mama niliwasindikiza mimi mwenyewe mpaka kwenye ile mizani ya mahindi. Mama hakutaka kabisa. Alisema amezaa, amelima, amezika, hajawahi kupandishwa mizani kama gunia. Mwalimu alimbembeleza kwa soda. Akapanda huku ameshika bega langu, kisha Mwalimu akaniomba nimwachie, sindano ya mizani ikatulia, na sote tukapiga makofi kwa sababu ilikuwa chini ya tulivyodhani. "Mama ni mwepesi, bana!" alisema mwenye mizani. Mama akavimba kichwa. Mwalimu alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona usoni mwake. Njia nzima ya kurudi alikuwa akinong'ona hesabu, betri, mota, mwinuko, yeye, Mama, na mwishowe akasimama katikati ya barabara akasema, "Itapanda. Pole pole, lakini itapanda. Hata ile kona."

Wiki hiyo hiyo alifunga chumba chake cha Kibomet, akapakia godoro kwenye keria, akahamia bondeni kulala na mkewe. Aliniaga akiwa amejivisha koti la mvua ingawa mvua ilikuwa bado, mashamba yamelimwa na vumbi limetanda kila mahali. Hakunirudishia tepu yangu. Nilimuuliza kama bado anaogopa. "Sana," akasema. "Lakini sasa ni kwa kiasi."

Asubuhi ya siku ya soko nilikuwa Saboti na marobota yangu ya sare. Jua lilikuwa ndio linachomoza. Kwanza tulisikia milio kutoka bondeni, mikavu, mbali. Mtu mmoja akasema ni mabati yanapasuka, na hakuna aliyemwamini. Kisha moshi ukapanda. Wenye maduka walianza kurudisha vitu ndani bila kusemezana. Mimi nikakaa juu ya robota langu nikisoma kila aya niliyoikumbuka, na nyingi sikuweza kuzimaliza.

Ndipo Mama akatokea. Alitoka kwenye njia ya bondeni akiwa juu ya ile baiskeli, peke yake, amekaa kwenye kiti cha mbele, kitambaa kimemwangukia mabegani, miguu imekaza kwenye zile pedali zisizozunguka. Hakukuwa na sauti yoyote ila tairi kwenye changarawe. Alikuwa anakuja kwa kasi, mikono imeganda kwenye usukani, na hakuweza kuuachia hata kidole kimoja kuzima swichi. Aliingia moja kwa moja kwenye fungu la kabichi. Tulimtoa akiwa mzima, amechubuka kiwiko.

"Mwalimu yuko wapi?" nilimuuliza.

"Amebaki."

"Amebaki wapi, Mama?"

"Kwa kirima. Alishuka." Akanishika mkono mpaka kucha zikaniingia. "Alishuka, Mama Zuhura. Akanikalisha hapa mbele, akawasha, akaniambia nisiangalie nyuma."

Watu walimsihi apande lori lililokuwa linaondoka kwenda Kitale. Alikataa. Alikaa juu ya zile kabichi akaelekeza uso kwenye njia ya bondeni, na mimi nikakaa kando yake kwa kuwa hakuniachia mkono. Milio ilisikika tena, safari hii karibu. Sijui tulikaa muda gani. Najua tu kwamba kila kichwa kilichochomoza pale kwenye njia kilikuwa cha mtu mwingine, na kila mara Mama alisema kwa sauti ndogo, "Si yeye."

Alipotokea hatukumtambua mara moja, kwa sababu alitembea ameinamisha kichwa. Wengine wote walikuja mbio, wanageuka nyuma, wanaita watoto. Yeye alikuja pole pole katikati ya njia, anatazama chini, anayumba huku na huku kama mtu aliyeangusha ufunguo. Nilidhani anaona haya. Alifika penye vibanda vya kwanza ndipo akainua macho, akamwona mkewe. Akaliona kreti la soda lililopinduliwa, akalikalia bila kuligusa kwanza kwa mkono.

Baada ya hapo sikuwaona kwa miaka. Walikwenda kukaa kwa binti yao Bungoma, na mlima ulipotulia shamba wakawaachia watu walilime, lakini hawakulala huko tena. Mimi niliendelea na sare zangu. Nilipoalikwa harusi Bungoma niliuliza, nikaelekezwa nyumba yenye ua wa michongoma karibu na kanisa.

Mwalimu alikuwa amezeeka, shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola. Alikitikisa kiti kwanza kabla ya kunikaribisha, nami nikafurahi sana kuona hajabadilika. Mama hakuwepo, alikuwa ameenda kanisani kupanga maua. Tukanywa chai. Mazungumzo yakazunguka, yakaja pale pale tulipojua yatakuja.

"Ilikuwa ile mizani," alisema. "Tulifika kwa kona, baiskeli ikaanza kulia, ikasimama. Nikasema haiwezi kuwa, hesabu iko sawa. Halafu nikakumbuka. Mama Zuhura, si mimi ndio nilimfokea yule mtu, nikamwambia mizani yake inakula? Inakula mahindi, na bibi yangu pia ilimkula! Nilicheka. Huko nyuma wanapiga risasi, na mimi nacheka. Mama alidhani nimepata wazimu."

"Kwa hivyo ukashuka."

"Mmoja alikuwa lazima ashuke. Yeye akishuka, hatembei. Mimi nikishuka, natembea. Hiyo haikuwa hata hesabu." Alipuliza chai yake. "Na huyu alikuwa akiendesha baiskeli zamani, akiwa msichana, kabla ya magoti. Nilijua hataanguka. Nilidhani najua."

Nikamuuliza alikuwa ameangusha nini asubuhi ile, maana alikuja akitazama chini njia nzima.

Aliweka kikombe. "Nilikuwa nasoma matone. Ile chupa niliijaza alfajiri nipate kupima kile kirima, nikasahau kuitoa, ilikuwa bado inaning'inia nyuma. Pale tuliposimama palikuwa na dimbwi. Halafu moja karibu. Halafu ingine mbali kidogo. Halafu mbali zaidi." Alionyesha mezani kwa kidole, akiacha nafasi kila mara kubwa zaidi. "Nikajua anaenda. Nikajua ameongeza mwendo, hajaanguka, hakuna mtu amemsimamisha. Niliogopa lakini nilikuwa naweza kutembea. Halafu baada ya ile kona yakaisha."

"Yaliisha vipi?"

"Maji. Chupa ilikuwa nusu. Mimi ndio niliijaza nusu, nikiogopa uzito. Kutoka hapo mpaka Saboti hakukuwa na tone hata moja, Mama Zuhura. Nilitafuta kila mahali. Nilijiambia labda ni mawe, labda liko pale mbele. Sijawahi kuogopa hivyo, na sina hesabu ya kuogopa hivyo. Mpaka leo naota hiyo barabara kavu."

Machozi yalinitoka, nikayafuta na mtandio, naye akajifanya anatafuta sukari.

Mama alirudi muda mfupi baadaye. Tulimsikia akicheka getini kabla ya kutuona. Alikuja na mkongojo, magoti yale yale, na kwenye mpini wa mkongojo palikuwa pamefungwa chupa ya plastiki, kichwa chini, inadondosha matone.

"Umeona ugonjwa wa mwalimu wako?" aliniambia huku akinikumbatia. "Siendi dukani, siendi kanisani, bila hii maji. Watu wa hapa wanasema mimi nabariki barabara."

Mwalimu alikuwa amekwisha kutoka nje. Nilimwona kupitia mlangoni akiwa ameinama kwenye vumbi la uwanja, na shingoni, kumbe, alikuwa amevaa tepu yangu ya kupimia viuno, imefutika nambari zote. Hakuitumia. Alitazama tu matone, madogo, yamekaribiana sana, mwendo wa mwanamke asiye na haraka, kutoka getini, kuvuka uwanja, kupanda ngazi moja ya baraza.

"Yamefika mpaka mlangoni," aliniambia.

Kisha akaifungua chupa kwenye mkongojo akaenda kuijaza.